Mawinga wa Kasi: Pima Uwanja Kabla ya Kutafuta Miguu

Karibu kila timu ya mtaa hapa Mombasa ina kijana mmoja ambaye akipewa mpira pembeni, watu walioketi husimama. Mechi ikiisha unakuta ameugusa mpira mara tisa, na mara sita kati ya hizo alikuwa ameupa mgongo lango la wapinzani, beki amemkaba hadi jasho zimechanganyika. Watu wanaondoka wakisema kijana ana mbio lakini hana akili ya mpira. Mara nyingi kosa si lake. Timu haikuwa na mtu wa kumtilia mpira kwa wakati, wala haikumwachia uwanja wa kukimbilia.

Mwongozo huu ni wa kocha au mwenye timu wa madaraja ya chini anayetaka kujenga kikosi juu ya mawinga wawili, yaani washambuliaji wa pembeni, wenye mbio. Fuata hatua kwa mpangilio huu. Anayeanza na usajili hulipa mara mbili: kwanza ananunua miguu, kisha anatafuta wa kuilisha.

Hatua ya 1: Uwanja na upepo

Chukua utepe wa mita 50 upime upana wa uwanja wako wa nyumbani. Sheria za mchezo zinaruhusu upana wa mita 45 hadi 90, na urefu wa mita 90 hadi 120, kwa hiyo viwanja viwili halali vinaweza kuwa dunia mbili tofauti. Viwanja vikubwa vya kimataifa kwa kawaida ni mita 105 kwa 68.

Sasa piga hesabu. Mabeki wanne wakisimama mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, wanafunika mita 30. Kila beki wa pembeni anaweza kuwahi mita sita zaidi upande wake wa nje. Jumla ni mita 42. Kwenye upana wa mita 68 zinabaki mita 26, yaani 13 kila upande, na hapo winga anapumua. Kwenye upana wa mita 50 zinabaki mita nane, nne kila upande. Winga wa kasi kwenye mita nne ni mtu aliyefungiwa chumbani. Uwanja wako ukiwa chini ya mita 55, achana na ndoto ya winga anayekumbatia chaki, yaani mstari wa pembeni. Watumie hao hao wenye mbio kama washambuliaji wawili wanaoanzia pembeni na kukata kwa mshazari kwenda nyuma ya mabeki, kwa sababu nafasi pekee iliyobaki iko mbele, haiko kando.

Angalia pia ardhi. Viwanja vyetu vingi huchakaa katikati na mbele ya magoli, nyasi zikabaki pembeni. Hiyo ni faida ya bure. Lakini katika mvua za Aprili hadi Juni, tembea pembeni zote mbili kabla ya mechi ujue maji yametuama wapi. Pasi ya kupenyeza ikifika kwenye dimbwi husimama, na winga huwa ameshaipita.

Kuhusu upepo: kuanzia kama Desemba hadi Machi ni kaskazi, unavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi unatawala kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Simama katikati ya uwanja ujue upepo unakata vipi, kwa urefu au kwa upana. Ukikata kwa upana, krosi za juu kutoka upande mmoja zitapitiliza mlingoti wa mbali, na za upande wa pili zitaning'inia hewani kipa azidake kama embe. Siku hiyo kataza krosi za juu kabisa. Ukivuma kwa urefu, pasi ndefu zikiufuata zitatoka nje, na zikiupinga zitakaa. Watu wengi hudhani upepo mgongoni ndio rafiki wa winga, ilhali pasi ya kupenyeza dhidi ya upepo mwepesi ndiyo inayomsubiri mkimbiaji. Tangu 2019 nahodha anayeshinda sarafu anaweza kuchagua lango la kushambulia au kuanza na mpira. Mwambie mapema achague nini, asije akaamua kwa mazoea.

Hatua ya 2: Pima kasi kwa simu

Macho hudanganya. Mfupi anayechapua miguu huonekana ana mbio, na mrefu mwenye hatua pana huonekana mzito. Chomeka fimbo tatu kwenye mstari mmoja: mwanzo, mita 10, mita 30. Weka simu kando, mita 30 kutoka kwenye mstari, mkabala na katikati ya mbio, ikirekodi picha 60 kwa sekunde. Mchezaji akimbie akiambaa na fimbo. Kisha hesabu picha, kuanzia mguu wa nyuma unapong'oka hadi kifua kinapopita fimbo. Picha 252 ni sekunde 4.2. Saa ya kubonyeza kwa kidole inaweza kukosea sekunde 0.2, na kwenye mita 30 hiyo ndiyo tofauti kati ya winga na mtu wa kawaida.

Kwenye nyasi kavu, kijana wa ligi za chini anayekwenda chini ya 4.2 ana mbio za kweli. Akizidi 4.5, atampita beki kwa chenga tu, si kwa mwendo. Kwenye mchanga sahau nambari hizi. Wapime wote siku moja, uwanja mmoja, na uwalinganishe wao kwa wao.

Usisome muda wa mita 30 peke yake. Kipande cha mita 10 kinakuambia una winga wa aina gani. Kuna anayelipuka hatua tano za kwanza halafu anatulia: huyo mpe mpira mguuni, hata akiwa amesimama, atamtoka beki. Na kuna anayechelewa kuwaka lakini mita 20 za mwisho hashikiki: huyo ukimpa mpira mguuni unamnyonga, anataka mpira uwekwe mbele yake. Ni wachezaji wawili tofauti kabisa, ingawa mtaani wote huitwa "wa mbio".

Vipimo viwili vya nyongeza. Kwanza, mita 30 mara sita, akianza kila baada ya sekunde 30. Mbio ya sita ikiwa na upungufu wa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na ya kwanza, huyo ni mchezaji wa kuingia dakika ya 60. Si tusi, ni kazi. Pili, mita 30 na mpira, miguso isiyopungua minne. Akipoteza zaidi ya sekunde 0.6 ukilinganisha na mbio bila mpira, anausukuma mbali mno, au anaugusa kwa sehemu ya ndani ya mguu badala ya sehemu ya nje karibu na kidole kidogo, inayouacha mpira mbele bila kukata hatua.

Hatua ya 3: Mpira ufike lini, na wapi

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo timu nyingi huharibu.

Mtazame kiungo wako nambari 6, anayecheza mbele ya mabeki wa kati, anapopokea mpira. Mguso wa kwanza, kichwa kimeinama, macho kwenye mpira. Winga akichomoka wakati huo ataotea, kwa sababu bado kuna mguso mmoja kabla ya pasi. Mguso wa kwanza ukienda mbele, kichwa kikainuka: hapo ndipo. Winga awe ameshapiga hatua mbili za uongo kuelekea kwenye mpira, beki amfuate, kisha ageuke. Afundishwe kutazama nyonga za beki. Beki anayesimama kiubavu yuko tayari kukimbia. Beki aliyegeuza nyonga kuutazama mpira amekupa mgongo, na atahitaji hatua mbili kujipanga upya. Hatua mbili hizo ndizo winga anazozinunua.

Kanuni ya pasi ni moja na haina mjadala: mkimbiaji na mpira wasipite njia moja. Winga akikimbia moja kwa moja kando ya chaki, mpira uje kwa mshazari. Akikata kwa mshazari kuingia ndani, mpira upigwe moja kwa moja katikati ya beki wa pembeni na beki wa kati. Vyote viwili vikifuata mstari mmoja, ama mpira unatoka nje ama beki anajiweka katikati na kuuchukua kwa raha zake.

Uzito wa pasi hutegemea msimu. Januari ardhi ngumu, mpira unadunda na kukimbia. Lenga uishiwe nguvu mita 15 kabla ya mstari wa mwisho. Mei nyasi zimelowa, ongeza nguvu. Mpigaji pasi afanye mazoezi ya hili siku moja kabla, kwenye uwanja ule ule wa mechi ikiwezekana.

Winga akishafika pembeni ya boksi, kazi ni ya wengine. Wachezaji watatu waingie: mmoja mlingoti wa karibu, mmoja alama ya penalti, iliyo mita 11 kutoka golini, na mmoja mlingoti wa mbali. Mpira bora mara nyingi ni ule wa chini unaorudi nyuma, kati ya boksi ndogo ya mita 5.5 na alama ya penalti, kwa sababu mabeki wanakimbia kuelekea lango lao na hawawezi kusimama ghafla. Krosi ya juu kwa straika mfupi ni sadaka kwa kipa.

Anayekwenda mlingoti wa mbali ni winga wa upande wa pili, na ndiye anayesahau. Goli la kwanza la Uhispania kwenye fainali ya Euro 2024 mjini Berlin lilikuja hivyo hivyo: Lamine Yamal aliupokea kulia, akaingia ndani, mabeki wa Uingereza wakasogea upande wake, na pasi ikavuka hadi kwa Nico Williams aliyekuwa anakuja kutoka kushoto. Winga mmoja alitoa, winga mwingine akafunga. Angebaki amesimama kwenye chaki yake akisubiri zamu, goli lile lisingekuwepo.

Mambo mawili ya sheria yanayosahaulika. Mchezaji aliye ndani ya nusu yake hawezi kuotea, kwa hiyo mnapojilinda, winga wa upande usio na mpira asimame hatua moja ndani ya nusu yenu, kwenye mstari wa katikati. Na mpira wa kurusha hauna kuotea: winga anaweza kusimama nyuma ya mabeki wote, na mrushaji mwenye mikono mirefu akamfikia. Magoli ya namna hii ni ya aibu kwa wapinzani, lakini yanahesabiwa.

Wakipaki basi

Baada ya mechi mbili tatu habari zitafika. Timu zitakuja na kukaa watu kumi nyuma, na nafasi ya nyuma ya mabeki itakuwa mita 15 tu. Hapo kasi ya kukimbia haina kazi. Inayohitajika ni kasi ya kuhamisha mpira. Mawinga wote wawili wapanuke hadi wakanyage chaki, mpira uhame kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa pasi tatu zisizo na miguso ya ziada, na winga aupokee beki akiwa bado njiani. Zikihitajika pasi tano, umechelewa. Na kosa linalorudiwa kila wiki: beki wa pembeni anapanda na kusimama nyuma ya winga wake, akimletea beki wa pili wa wapinzani. Ampite kabisa kwa nje, au akae ndani kusubiri mpira unaorudi. Asisimame katikati ya hayo.

Hatua ya 4: Nyuma pabaki na watu

Mawinga wawili wakiwa juu na mabeki wa pembeni wote wamepanda, mpira mmoja ukiporwa mnafungwa. Sheria rahisi: beki mmoja wa pembeni akipanda, wa pili anabaki, na nambari 6 hazidi mita 20 mbele ya mabeki wa kati. Kwa hiyo wanabaki watu wanne. Winga wa upande wenye mpira wa adui arudi kumsaidia beki wake, wa pili abaki pale kwenye mstari wa katikati tuliposema. Makocha wengi huwarudisha wote wawili kwa hofu. Matokeo yake mpira ukiporwa hakuna wa kupewa, unabutuliwa, unarudi, na dakika ya 70 mawinga wamechoka kwa kukimbia kuelekea lango lao wenyewe.

Hatua ya 5: Wiki ya mazoezi

Mechi ikiwa Jumapili, mbio kali ziwe Jumatano. Mara nane hadi kumi, mita 20 hadi 40, jumla isizidi mita 300. Mapumziko ni dakika moja kwa kila mita 10: mbio ya mita 30, dakika tatu za kupumzika. Vijana wataona unawachezea. Usikubali kuwapunguzia mapumziko, maana mbio za kuchoka zinafundisha kukimbia polepole.

Msuli wa nyuma ya paja ndio unaomuua winga. Mwishoni mwa mazoezi mara mbili kwa wiki: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu, ajishushe mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi mabega, ajizuie kwa mapaja mpaka ashindwe, kisha adake chini kwa mikono. Anza seti mbili za mara tano, panda polepole hadi seti tatu za mara nane. Wiki ya kwanza watalalamika maumivu, kwa hiyo usianze wiki ya fainali. Anayesema "imenivuta kidogo" asirudi uwanjani siku hiyo. Msuli unaovuta leo ukilazimishwa unachanika, na wiki moja inakuwa miezi miwili.

Zoezi la Alhamisi: eneo la mita 50 kwa 40, lango moja na kipa. Kiungo anaanza na mpira, mawinga wawili na straika mbele, mabeki watatu. Tangu kiungo anapogusa mpira wana sekunde nane kupiga shuti. Zikiisha, mpira ni wa mabeki, na wakiupitisha mstari wa katikati wanapata pointi. Dakika nne, pumziko mbili, mara nne. Wakianza kufunga kirahisi, ongeza beki wa nne, usipunguze sekunde.

Jua la saa tisa alasiri hapa kwetu si mzaha. Mazoezi ya mbio yawe saa kumi na moja jioni au alfajiri. Mwezi wa Ramadhani mbio kali zihamishwe baada ya futari, saa moja na nusu hivi baadaye, au zipunguzwe nusu. Mtu aliyefunga asikimbizwe mita 300 za nguvu zote dakika 20 kabla ya adhana. Joto hilo hilo ni silaha yenu: timu kutoka bara huanza kulegea kipindi cha pili, na ndipo winga wa tatu anapoingia. Mkipanda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mambo yanageuka. Winga wako atapumua kwa muda mrefu kati ya mbio moja na nyingine, na pasi ndefu itasafiri mbele kuliko mlivyozoea kwa sababu hewa ni nyepesi. Mwambie mpigaji pasi apunguze nguvu tangu dakika ya kwanza.

Hatua ya 6: Usajili, kwa mpangilio

Ukiwa na fedha za wachezaji watano, wafuate hivi.

Wa kwanza ni mpigaji pasi. Kiungo au beki wa kati anayeweza kuweka mpira mita 35 mbele bila kusimama kujipanga, kwa mguu wowote. Huyu ni adimu kuliko winga, na kwa ajabu ya mtaani ni wa bei nafuu kuliko winga.

Wa pili ni kipa mwenye mkono. Arushe mpira mita 30 ukafika ukiwa unateleza chini, si unadunda kifuani.

Wa tatu ni beki wa pembeni anayelingana na winga ulionaye. Winga akipenda kukata ndani, beki awe na pafu la kupanda kwa nje mechi nzima. Winga akikaa kwenye chaki, tafuta beki mtulivu anayecheza ndani kama kiungo. Wengi hununua beki mzuri wa aina isiyofaa, halafu wawili hao wanagongana msimu mzima.

Wa nne ni straika wa mlingoti wa karibu, mwenye ujasiri wa kuingiza mguu kabla ya beki. Wa tano ndiyo sasa winga, na awe wa aina tofauti na hao wawili ulio nao.

Pa kutafuta: mashindano ya shule za upili, na usiishie kwenye mpira. Nenda siku ya riadha uwatazame wa mita 100 na 200, uliza nani kati yao anacheza mpira. Nenda mechi za ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Anayepiga chenga kwenye mchanga mlaini ana mapaja.

Kila mlengwa mtazame mara tatu: uwanja mpana, uwanja mwembamba, na siku timu yake inafungwa. Beba karatasi yenye safu nne: mara ngapi amempita beki wake, mara ngapi baada ya kumpita mpira ulimfikia mwenzake, mara ngapi aliupoteza kwenye nusu ya timu yake, na mara ngapi alirudi kukaba bila kuitwa. Safu ya pili ndiyo ya kusajilia. Winga anayempita beki mara kumi na kufikisha mpira mara moja ni burudani ya watazamaji.

Makaratasi yasisubiri Jumamosi ya mwisho. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kwa aliyetimiza miaka 18, idhini ya mzazi kwa mdogo wa hapo, na barua ya kuachiliwa kutoka timu yake ya zamani. Msajili rasmi kwenye shirikisho hata kama anachezea timu ya vijana, na uandike tarehe aliyoingia na aliyotoka. Kijana akija kuuzwa nje ya nchi, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Kijana aliyekaa kwenu miaka mitatu kuanzia 16 anawaletea asilimia 1.5. Lakini madai huthibitishwa kwa rekodi ya usajili, na timu isiyokuwa na rekodi hiyo haina cha kudai. Weka nakala mbili, moja kwa katibu na moja nje ya ofisi.